Monster Jam na mtoto wa miaka mitatu: mjomba abadilishe saa, viti na ile pamba

SWALI: Naishi Buzuruga, Mwanza. Januari nawapeleka wanangu Houston, Marekani, kwa kaka yangu. Tunafika Alhamisi, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo mjomba wao anataka tukaangalie Monster Jam, yale maonyesho ya pikapu zenye matairi makubwa zinazoruka na kuponda magari. Kuna onyesho la saa saba mchana na la saa moja usiku. Yeye anataka la usiku, na viti vya mbele kabisa. Masanja ana miaka sita, Milembe mitatu na nusu. Nimeangalia video, kelele zimenitisha. Kaka anasema nitie pamba masikioni, yaishe. Niwapeleke wote, au Milembe abaki nyumbani? (Mama Masanja)

JIBU: Mama Masanja, wapeleke wote wawili. Ila umwambie mjomba wao abadilishe saa, abadilishe viti, na hiyo pamba aiache kabatini.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo familia nyingi zinazotoka safarini zinapoharibikiwa. Mwezi wa Januari Houston iko nyuma ya Mwanza kwa saa tisa. Onyesho la saa moja usiku litaanza wakati miili ya wanao inaamini ni saa kumi alfajiri. Kwa kawaida mwili huhitaji karibu siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti, na nyinyi mtakuwa na siku mbili tu. Milembe atalala kwenye kiti, injini itamgutusha, atalia kwa hofu ambayo haina uhusiano wowote na magari, na hapo ndipo watu husema mtoto hapendi. La saa saba mchana linaangukia saa nne usiku ya Mwanza. Bado ni usiku, lakini unabebeka. Asubuhi hiyo wataamka saa tisa au kumi za usiku wakidai chai. Wape, wacheze, kisha walaze tena saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi. Walishe chakula kamili kabla ya kutoka. Kama tiketi za usiku zimeshanunuliwa na hazibadilishiki, basi nenda na Masanja na mjomba wake, Milembe alale.

Sasa masikio. Kila mtu huona lile tairi akadhani hatari iko hapo, kumbe kwa mtoto aliyekaa jukwaani jambo kubwa ni ekzosi. Monsta traki ya mashindano ina uzito wa tani tano na ushee, injini ya silinda nane yenye supachaja (pampu ya kuisukumia hewa) na nguvu za farasi zipatazo 1,500, inakunywa methanoli, na haina sailensa. Moshi na mlio vinatoka moja kwa moja kwenye mabomba mafupi. Ndani ya uwanja kelele hupita desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) bila shida gari linapokaribia, na paa likiwa limefungwa mlio unarudi kutoka kila upande.

Namba hiyo ina maana gani? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaruhusu mfanyakazi mtu mzima akae kwenye desibeli 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa. Ukifika 100 zimebaki dakika 15. Na hao ni watu wazima. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya kusikiliza muziki kwa simu, limewawekea watoto kikomo cha desibeli 75 pale ambapo mtu mzima ana 80, kwa saa 40 za wiki. Onyesho zima huchukua saa mbili na zaidi. Kweli injini hazingurumi muda wote, lakini dakika 15 ni chache mno kuchezea.

Pamba kavu hupunguza desibeli chache tu. Hedifoni za kusikilizia muziki nazo hazikutengenezwa kwa kazi hii, hata zikiwa nene. Kinachotakiwa ni kinga za masikio za vikombe, kama wanazovaa wachimbaji wa Geita, ila za saizi ya mtoto. Maduka ya vifaa vya usalama pale mjini yanauza za watu wazima. Usimnunulie Milembe hizo, utepe wake ni mrefu na vikombe vitateleza hadi shingoni. Mwambie kaka aagize za watoto mapema, aandae jozi mbili. Kwenye kasha za Marekani kuna herufi NRR na namba mbele yake, yaani desibeli ambazo kinga inapunguza, na za watoto nyingi zinazidi 20. Namba hiyo imepimwa maabara, kichwa kimetulia na kikombe kimekaa sawasawa. Kwa mtoto anayegeuka huku na huku, hesabu nusu yake. Yaani kinga ya 22 mpe 11: kelele ya 100 inamfikia kama 89, ambayo hata kwa kipimo cha mtu mzima inaruhusu karibu saa tatu. Hapo mnaweza kukaa.

Kwa Milembe usitumie vile vizibo vya sponji vya kuingiza ndani. Tundu la sikio lake ni dogo, havitakaa, na mtoto wa umri huo akikichomoa kinaishia mdomoni au puani. Wewe na kaka vinawafaa: kizungushe vidoleni mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole kama sekunde 30 kipanuke. Nusu yake ikibaki nje, hakijaingia.

Vikombe vya watoto navyo vina maudhi yake, na karibu yote yanatokana na kitu kilichokaa kati ya kikombe na ngozi. Kofia ya sufu (Januari Houston kuna baridi, utashawishika kumvisha), kofia ya koti, hereni kubwa, mikono ya miwani, na zaidi ya yote nywele. Kama unapanga kumsuka Milembe kabla ya safari, msuke twende kilioni za kulala, bila shanga, bila rasta nene, na fundo la mwisho likae kisogoni, mbali na masikio. Upenyo mdogo tu chini ya sikio unatosha kupoteza sehemu kubwa ya kinga. Kujua kama zimekaa, mvishe, kisha mahali penye kelele bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja vyako na umuulize kama kelele imepungua. Akisema imepungua sana, havijaziba. Sogeza utepe, toa nywele, rudia.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuzivaa baada ya kelele kuanza. Mtoto akishashtuka, hataki kuguswa kichwa. Na mara nyingi kishindo cha kwanza si cha gari kabisa: taa huzimwa, mtangazaji anapiga kelele, fataki zinalipuka humo humo ndani. Kwa hiyo zivaeni mkiwa bado koridoni, kabla ya kupita mlango wa kuingia jukwaani, na sheria iwe moja, kwamba tukiona viti, masikio yamefunikwa. Wewe na mjomba mvae pia. Mtoto wa miaka mitatu anaiga, hasikilizi hoja.

Mazoezi yaanzie hapo Buzuruga, wiki mbili kabla. Tafuta hedifoni yoyote kuukuu, hata yenye waya uliokatika, Milembe azoee kubanwa kichwa: dakika tano akiangalia katuni, kesho yake kumi, mpaka ifike nusu saa bila kuivua. Zile za kweli atazivaa Ijumaa nyumbani kwa mjomba, mashine ya kusagia juisi ikiwashwa na kuzimwa, yeye mwenyewe akiwa ndiye anayetoa amri ya kuwasha. Huyo wa miaka sita mwonyeshe video, sauti ikiwa chini kabisa mwanzoni. Wachague kila mmoja gari lake. Grave Digger, lile jeusi na kijani lenye taa nyekundu, ndilo watoto wengi hulichagua, na limekuwepo tangu 1982. Mtoto mwenye gari lake anaangalia mashindano, asiye nalo anasikiliza kelele.

Viti. Mbele kabisa ni pabaya kwa watoto, na sababu si moja. Udongo unarushwa. Mtoto mfupi anaona ukuta na migongo ya watu. Na vitu huchomoka kwenye magari. Januari 2009 kule Tacoma, Marekani, kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye gari kilimuua mtoto wa miaka sita aliyekuwa jukwaani. Ajali ya namna hiyo ni nadra, lakini hakuna sababu ya kulipa bei ya juu ili kuwa karibu nayo. Omba jukwaa la chini, kati ya safu ya 15 na ya 25, upande mrefu wa uwanja, viti vya pembeni mwa ngazi. Kuhusu kelele, usidhani kupanda juu kutaokoa masikio: mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu kelele hushuka desibeli 6 hivi, lakini chini ya paa hushuka kidogo kuliko hapo. Kinga zibaki masikioni hata mkikaa safu ya mwisho.

Viti vya viwanja hivyo hujikunja vyenyewe. Mtoto wa kilo 14 hana uzito wa kukikandamiza; akiegemea nyuma, kiti kinafunga na miguu yake inabaki juu. Msukume akae nyuma kabisa na uweke begi au koti chini ya magoti yake, au mpakate. Na khanga usiiache. Vigari vya watoto kwa kawaida havifiki kwenye viti, na wakati wa kutoka mtoto aliyechoka anarudi mgongoni.

Usije ukasoma habari za ajali nyingine ukaogopa bure, nikueleze tofauti. Oktoba 2013 kule Chihuahua, Meksiko, gari liliingia kwenye umati na kuua watu wanane. Septemba 2014 Haaksbergen, Uholanzi, wakafa watatu, mtoto akiwemo. Yote mawili yalikuwa maonyesho ya uwanja wa wazi, watazamaji wamesimama ardhini ngazi moja na gari. Kwenye uwanja mkubwa wa Houston watu wako juu ya ukuta, na kuna ofisa mwenye rimoti inayozima injini ya gari lolote lililoshindikana. Siku mtu akileta mambo haya viwanja vya Furahisha au Nyamhongolo na kufunga kamba tu, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: rimoti ya kuzimia iko mkononi mwa nani, na gari likiruka pua yake inaelekea wapi. Ikiwa inaelekea watu, rudini nyumbani.

Ratiba ya onyesho itakusaidia kupanga kuondoka. Kwanza utambulisho na mbio za magari mawili mawili, halafu michezo ya ufundi kama kutembea kwa matairi mawili, mapumziko, na mwishoni kile kipindi ambacho kila dereva anafanya atakavyo kwa dakika mbili hivi. Hicho cha mwisho ndicho kinachopendwa, ndicho chenye kelele nyingi, na ndicho magari yanapopinduka. Milembe akifika mapumziko akiwa anacheka, amefaulu. Msimlazimishe zaidi. Kubalianeni kabla: akivua kinga mara ya pili, wewe unatoka naye na mjomba anabaki na Masanja. Tokeni mpaka koridoni tu, msivuke geti la nje, kwani viwanja vingi haviruhusu kurudi ndani ukishatoka. Koridoni kelele imepungua na kuna vyoo. Vyoo vyenyewe nenda katikati ya mbio. Ukisubiri mapumziko utakuta foleni ndefu, na mtoto wa miaka mitatu hajui foleni.

Gari likipinduka Masanja anaweza kuogopa kwamba dereva amekufa. Mweleze mapema. Lile umbo la nje ni faiba nyepesi, limetengenezwa livunjike. Chini yake kuna fremu ya mabomba ya chuma, na dereva amekaa katikati kabisa akiwa amefungwa mikanda, kofia ngumu kichwani, shingo imeshikiliwa. Vipande vikiruka, asubiri, dereva atatoka kupunga mkono. Mpe na kazi ya kufanya: aangalie matairi ya nyuma gari linapokata kona. Yanageuka. Dereva anaongoza ya mbele kwa usukani na ya nyuma kwa swichi ndogo ya mkononi, ndiyo maana dude la tani tano linazunguka papo hapo.

Kitu ambacho mjomba hakukitaja, na kwa Milembe nakiona kina thamani kuliko onyesho lenyewe, ni Pit Party. Saa chache kabla ya onyesho watu huruhusiwa kushuka uwanjani, magari yamezimwa, madereva wanasaini picha. Hulipiwa pasi yake pekee juu ya tiketi, na si kila onyesho linayo, kwa hiyo angalieni wakati wa kununua. Tairi lina kimo cha inchi 66, karibu mita 1.7. Masanja atasimama mbele yake na kichwa kisifike juu ya tairi kwa mbali. Milembe ataingiza mkono mzima kwenye mfereji wa tairi. Shokapu nazo ziko wazi. Anagusa, ananusa, anaona dereva ni mtu wa kawaida. Baada ya hapo injini ikiwaka anajua ni nini kinachonguruma. Foleni za saini ni ndefu, chagueni dereva mmoja tu, mengine yapigeni picha. Pit Party ya onyesho la saa saba itakuwa asubuhi, ndiyo sababu nimesema walale tena saa mbili.

Mzigo uwe mdogo. Viwanja vingi vikubwa vya Marekani vinakubali begi la plastiki angavu tu, lisilozidi sentimita 30 kwa 15 kwa 30; vitu vya mtoto na dawa hukaguliwa, lakini soma masharti ya uwanja wenyewe. Weka nguo moja ya kubadili, tishu za maji, kinga za akiba, na sweta, kwani ndani kunaweza kuwa na ubaridi. Andika namba ya simu ya kaka, ikianza na +1, kwa kalamu ya wino mkononi mwa kila mtoto. Wanao wanazungumza Kiswahili, na akipotea hataweza kujieleza. Mfundishe Masanja amtafute mtu mwenye sare na kitambulisho kifuani, amnyooshee mkono, basi.

Jambo la mwisho la afya ni hewa. Injini hizi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Vipimo vilivyofanyika Cincinnati mwaka 1992 na 1993 kwenye maonyesho ya ndani viliikuta kwa viwango vya kutia wasiwasi. Uwanja mkubwa una nafuu kuliko ukumbi mdogo. Macho kuwasha na harufu kali ni moshi wa methanoli, huvumilika. Lakini mtoto akilalamika kichwa, akitapika, au akilegea kwa usingizi usio wa kawaida, mtoe nje kwenye hewa mara moja, na usimsingizie safari. Kama mmoja wao ana pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako, si garini.

Jioni hiyo wapumzishe masikio, televisheni iwe chini. Mtoto mdogo hasemi kwamba masikio yanavuma. Utamwona anayashikashika, au anataka urudie maneno. Kwa kawaida hali hiyo huisha usiku. Ikiwa asubuhi ya pili bado ipo, aonwe na daktari hukohuko, msisubiri kliniki ya masikio ya Bugando. Na zile kinga rudini nazo. Spika za harusi za hapa Mwanza zinafika desibeli hizohizo, na Milembe atakuwa ameshazoea kuzivaa.